TB ya figo: dada yangu wanataka kumtoboa mgongoni na kumwekea mpira. Tukubali?

Kaka_wa_Ushetu

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa mawazo, hasa kwa wauguzi, madaktari na yeyote aliyewahi kupita njia hii.

Dada yangu ana miaka 34, ni fundi cherehani na mama wa watoto wawili. Amesumbuliwa na mkojo kwa muda mrefu sana. Unamuuma, usiku anaamka mara kwa mara, na kuna siku damu inatoka mwishoni. Kila akienda zahanati anaambiwa UTI, anapewa vidonge au sindano, anapata nafuu kidogo, kisha inarudi. Mtaani wakaiita UTI sugu. Dawa ya kichocho nayo alimeza, maana utoto wetu wote tumeogelea bwawani. Mwaka huu akaanza kukonda, jasho la usiku, na ubavu wa kushoto ukawa mzito.

Hospitalini mkojo ulionekana umejaa chembe za usaha, lakini ulipooteshwa maabara hakikuota kitu. Daktari mmoja kijana akasema usaha usioota kitu haumpi amani, akaagiza mkojo wa asubuhi upimwe TB kwa mashine ya GeneXpert. Ikatoka ipo. Ana mwezi sasa anameza dawa, na kwa kweli anakula, jasho limekata, hata mashavu yamerudi.

Lakini juzi alipofanyiwa ultrasaundi ya marudio wamesema figo ya kushoto imejaa maji sana na ya kulia imeanza kutanuka. Kriatinini, kile kipimo cha damu kinachopanda figo zikishindwa kuchuja, ilikuwa 140 alipoanza dawa, sasa 318. Wanataka kumpeleka rufaa akatobolewe mgongoni, awekewe mpira kwenye figo huku wakiangalia kwa picha.

Baba mkubwa amekataa. Anasema mtu anaendelea vizuri na dawa, kwa nini atobolewe? Amalize miezi sita kwanza. Mama naye anamkumbuka jirani yetu aliyewekewa mpira kama huo akafariki. Mimi ndiye ninayetakiwa kutoa jibu Jumatatu. Je, ni lazima? Unauma? Ni wa kudumu? Na ana watoto wadogo ndani, hawataambukizwa na huo mkojo?

SistaWaZamu

Pole sana kaka, na dada mpe pole. Mimi ni nesi kwenye wodi ya wagonjwa wa mfumo wa mkojo, hospitali ya rufaa, na wenye mipira ya figo ndio ninaoshinda nao. Nianze na baba mkubwa, kwa heshima zote, kwa sababu hoja yake naisikia kwa ndugu wengi na ndiyo inayopoteza figo za watu.

Dawa zinafanya kazi, hilo ni kweli. Lakini tazama zinavyofanya kazi. Vimelea vya TB husafiri kwa damu kutoka mapafuni, vikatua kwenye figo, na vinaweza kulala hapo miaka mingi bila mtu kujua. Vikiamka huteremka na mkojo na kuchimba vidonda kwenye ureta, ule mrija unaotoa mkojo figoni kuupeleka kibofuni. Panapoumia zaidi mara nyingi ni chini kabisa, pale ureta inapoingia kwenye kibofu. Dawa zikiua vimelea, kidonda kinapona. Kikipona kinaacha kovu, na kovu hujikunja. Njia yenyewe ina upana wa milimita chache tu, kwa hiyo likijikunja kidogo, mkojo haupiti.

Ndiyo maana dada yako anaweza kunenepa huku figo inafura. Hayo mawili hayapingani hata kidogo. Kunenepa kunaonyesha vimelea vinakufa, na kriatinini kutoka 140 hadi 318 kunaonyesha mkojo umekosa njia. Hiyo miezi sita, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili, imepangwa kwa ajili ya kuua vimelea. Figo iliyoziba haiwezi kusubiri hadi hapo. Kila wiki inayopita ikiwa imejaa, nyama yake inazidi kuwa nyembamba, na ikishakufa hakuna dawa ya kuirudisha. Tena mkojo uliotuama ukiingiliwa na bakteria wengine unageuka usaha, homa inapanda, na hapo tunakimbizana na uhai, achilia mbali figo.

Daktari aliyeagiza ultrasaundi ya marudio baada ya mwezi amewafanyia jambo kubwa. Wagonjwa wengi wa TB ya mkojo huanza dawa wakaenda nyumbani bila mtu kuitazama tena figo.

Kuhusu jirani yenu. Sijui aliumwa nini, lakini wodini kwetu wanawake wengi wanaowekewa mpira huu wana saratani ya mlango wa kizazi iliyotambaa ikabana ureta zote mbili. Saratani ya namna hiyo ikiwa imefika mbali, wapo tunaowapoteza. Mtaani watu wanaona mpira, halafu wanaona msiba, wanaunganisha. Ugonjwa wa dada yako unatibika. Kwake mpira ni njia ya muda ya kutolea mkojo, dawa ziendelee na kazi yake, halafu daktari bingwa wa mkojo aangalie namna ya kufungua au kuunganisha upya ureta.

Watoto: mkojo wa TB hauwaambukizi kwa kukaa na mama yao, kula naye au kulala naye. TB huambukiza kwa hewa, kutoka kifuani. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama alipigwa picha ya kifua na kupimwa makohozi, maana TB ya figo na ya mapafu zinaweza kuwa pamoja. Kama bado, ulizeni Jumatatu hiyohiyo. Watoto nao wakachunguzwe kliniki ya TB. Na kipimo cha VVU kifanyike kama hakijafanyika.

Lingine hukuuliza, ila ni mama kijana: rifampisini, moja ya dawa zake za TB, inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na kijiti pia. Mwambie aongee na nesi wa kliniki, sindano ya miezi mitatu haiathiriki namna hiyo. Nimeona mimba iliyoingia katikati ya matibabu haya na mama hakuwa ameelezwa na mtu yeyote. Liliniuma.

PichaNaMwanga

Sista ameeleza vizuri. Mimi niko upande wa chumba chenyewe, tiba radiolojia, yaani kutibu kwa kuongozwa na picha, niwaambie kinachofanyika humo, kwa sababu neno "kutobolewa" linatisha kuliko kazi yenyewe.

Kabla ya yote damu inapimwa kama inaganda sawasawa. Kama anameza aspirini, warfarini, au dawa za miti shamba, aseme, asifiche. Anapewa antibiotiki kwenye mshipa. Analala kifudifudi, mto chini ya tumbo ili mgongo ujitokeze. Anasafishwa, anafunikwa vitambaa safi, halafu ninaweka kifaa cha ultrasaundi ubavuni na tunaiona figo. Figo iliyojaa inaonekana vizuri sana, katikati ina nafasi nyeusi iliyotanuka, na ni afadhali hivyo kwa sababu panalengeka kirahisi.

Ganzi inachomwa kwenye ngozi hadi karibu na figo. Inawaka kidogo, kisha inapoa. Sindano ndefu inaingia kutoka nyuma kwa ubavuni, chini ya ubavu wa mwisho ili kukwepa mapafu, na inalengwa kwenye vikombe vya chini vya figo, vile vinavyokusanya mkojo, ukanda ambao mishipa mikubwa ya damu haipiti. Kwenye skrini unaiona sindano kama mstari mweupe unaotembea. Ikifika, mkojo unatoka wenyewe. Hapo waya laini unapitishwa ndani ya sindano, sindano inatolewa, njia inatanuliwa taratibu juu ya waya, kisha mrija unateleza juu ya waya huohuo hadi ndani. Waya ukitoka, ncha ya mrija inajikunja kuwa duara ndani ya figo na kufungwa kwa uzi wake, usichomoke. Mrija wa kawaida ni namba 8, unene wake hata milimita 3 haufiki. Mara nyingi haizidi saa moja. Mgonjwa anasikia kusukumwa, na pale njia inapotanuliwa ndipo penye maumivu zaidi. Aseme, ataongezewa ganzi.

Mkojo wa kwanza unapelekwa maabara, TB na bakteria wa kawaida vyote viangaliwe. Kama ni usaha, hatumwagi dawa nyingi ya picha, ile inayofanya njia ya mkojo ionekane kwenye eksirei, ndani ya figo siku hiyo, kwa sababu presha inaweza kusukuma wadudu kwenye damu. Tunaacha ikamuliwe kwanza. Siku za baadaye, homa ikiwa haipo, ndipo tunapitisha dawa hiyo kwenye mpira na kupiga eksirei kuona ureta imeziba wapi na kwa urefu gani. Picha hiyo daktari wa upasuaji anaihitaji sana.

Kuna atakayekwambia wanawafanyia majaribio. Njia hii iliandikwa kitabibu mwaka 1955, na daktari Goodwin na wenzake huko Marekani. Mbinu ya kuteleza juu ya waya ni ya Seldinger wa Sweden, 1953. Hapa nyumbani kilichokuwa adimu ni wataalamu, na tangu Muhimbili waanze kuwafundisha tiba radiolojia wanaongezeka.

Hatari zipo, asifichwe. Mkojo wa damu siku moja au mbili ni kawaida. Damu nyingi hadi kuongezewa hutokea kwa wachache. Homa kali ya ghafla baada ya kuwekewa inaweza kutokea hasa kama figo ilikuwa na usaha, ndiyo maana analazwa na kuangaliwa. Lakini ukipima hatari hizo na kriatinini iliyoruka zaidi ya mara mbili ndani ya mwezi, mimi dada yangu ningempeleka.

Mama_Tatu_Igoma

Samahani wataalamu, kwani hawawezi kupitishia chini, kwenye njia ya mkojo? Mdogo wangu alikuwa na jiwe, waliweka kimrija cha ndani kwa ndani, hana mfuko wala nini.

SistaWaZamu

Swali zuri dada. Hicho ni stenti, na kwenye TB pia inajaribiwa, ikikubali ni vizuri. Shida ni kwamba TB hukikunja kibofu kikawa kidogo na kigumu, na tundu la ureta likapotea kwenye makovu. Daktari anaingiza kamera, analitafuta halionekani, au waya unagonga ukuta. Hapo njia ya mgongoni ndiyo inayobaki. Wakati mwingine waya unaoshindikana kupanda kutoka chini unakubali kushuka kutoka juu, kupitia tundu lilelile la mgongoni, na stenti inawekwa baadaye.

Mpira wa mgongoni una faida moja ninayoipenda. Mkojo wa figo ile peke yake unaingia kwenye mfuko wake, unaupima. Ukiona figo inatoa mkojo wa kutosha kila siku, daktari ana sababu ya kuipigania. Ikiwa baada ya wiki kadhaa inatoa vijiko tu, basi huenda ilikwishaharibika na wanaweza kushauri itolewe. Kaka, hilo nalo lijueni mapema. Sikuahidi kwamba figo ya kushoto itapona. Na upasuaji wowote wa kuunganisha ureta husubiri kwanza mgonjwa ameze dawa angalau wiki 4 hadi 6.

Mzee_wa_Nyakato

Kijana, mimi nilikaa nao huo mpira. Wangu ulikuwa wa jiwe siyo TB lakini mpira ni uleule. Usiku wa kwanza utaogopa kugeuka. Lala ubavu usio na mpira, na mfuko uning'inie chini ya kitanda, usiwe juu ya godoro. Mchana nilikuwa naufunga pajani ndani ya suruali, naenda dukani kwangu kama kawaida, wateja hawakujua. Dada yako ni fundi, ataweza kushona, ila kiti chenye mgongo mgumu kitamkera kwenye tundu, atafute stuli. Na kwenye daladala au bajaji asikae mahali ambapo watu wanapita na mizigo, ndoo ya mtu iliwahi kunasa mfuko wangu na nikarudi hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu gharama: dawa za TB ni bure lakini mpira na mifuko vinalipiwa. Kama hamna bima, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya siku yenyewe, na barua ya serikali ya mtaa mkononi. Ukienda baada ya bili kutoka unasumbuka zaidi.

SistaWaZamu

Asante mzee wangu, umesema ambayo sisi tunasahau kuwaambia.

Kaka, niongezee ya nyumbani. Mfuko ukae chini ya kiuno muda wote, umwagwe chooni kabla haujajaa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Daftari liwepo: tarehe, mfuko wa mgongoni kiasi gani, njia ya kawaida kiasi gani. Daftari hilo mje nalo kliniki, madaktari wetu wanalisoma. Siku za mwanzo anaweza kukojoa mkojo mwingi mno kupitia mpira, figo iliyofunguliwa hufanya hivyo, wodini watampimia maji na chumvi. Bandeji ibadilishwe walivyoelekeza na kila inapolowa. Kuoga anaoga, lakini tundu lisizame majini, na bwawani ndiyo basi kabisa.

Mkojo ukikoma ghafla, kwanza angalia kama mrija umekunjika au ameulalia. Kama haujakunjika, njooni. Msikubali mtu yeyote mtaani ausukume kwa maji na sindano. Ukichomoka, msingoje kesho: njia ya tundu inaanza kujifunga ndani ya saa chache, tukiwahi tunapitisha mwingine palepale. Homa na kutetemeka, usiku au mchana, njooni. Na hata kama mpira hauna shida yoyote, hubadilishwa karibu kila miezi mitatu kwa sababu chumvi za mkojo huganda ndani yake.

Kliniki ya TB waambieni kriatinini ya sasa. Kwa figo dhaifu, etambuto na pirazinamidi, mbili kati ya zile dawa nne, hupangwa upya. Akiona rangi nyekundu na kijani zinamchanganya, hata kwenye uzi wa cherehani, aseme siku hiyohiyo, maana etambuto ikizidi mwilini inagusa macho.

Kaka_wa_Ushetu

Mrejesho wakuu. Baba mkubwa nilimsomea maneno ya Sista kuhusu kovu, neno kwa neno. Alinyamaza, akauliza "kwa hiyo kupona ndiko kunakoziba?" Nikasema ndiyo baba. Akasema nendeni, na akatoa nauli.

Amewekewa kushoto. Alilia pale walipotanua njia, alinishika mkono hadi vidole vikafa ganzi, lakini mwenyewe anasema uzazi ulikuwa mbaya zaidi. Mkojo wa kwanza ulikuwa mzito, mweupe kama uji, na harufu yake sitaki kuieleza. Homa ilipanda usiku ule, wakampa dawa kwenye mshipa, asubuhi ikashuka. Kulia hawajagusa, wanasema wataangalia tena. Kriatinini ya mwisho ni 171. Daktari wa mkojo amesema tukutane baada ya ultrasaundi na ile picha ya kupitisha dawa kwenye mpira. Kifua kilikuwa salama, na watoto wamechunguzwa, wako salama pia. Mama ndiye anayemwaga mfuko na kuandika daftari, hataki mtu mwingine aguse.

Swali moja. Ule mfuko wa mgongoni ulikuwa mweupe wenye ukungu, ukaanza kusafika. Tangu jana umegeuka rangi ya chungwa iliyokolea, karibu na nyekundu. Mama anasema ni damu, hajalala. Nimrudishe?

SistaWaZamu

Kriatinini 171 imenifurahisha sana kaka.

Mwambie mama amimine kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, aiweke mezani muda. Rangi ya chungwa iliyo sawa juu hadi chini, bila mabonge wala mashapo mekundu, ni rifampisini. Mkojo wake wa njia ya kawaida nao si una rangi hiyohiyo tangu aanze vidonge? Ila mfuko wa mgongoni haukuwa nayo, kwa sababu figo ile ilikuwa imejaa na haichuji. Sasa inaonekana imeanza kuchuja dawa na kuitoa. Ni dalili ninayoipenda, lakini usiichukue kama kipimo, subirini ultrasaundi na picha.

Kama kuna mabonge, au nyekundu inazidi kila saa, au anasikia kizunguzungu, au mkojo umepungua ghafla, msisubiri, njooni usiku huuhuu. Kama hakuna, kesho mpitie maabara ya karibu na chupa hiyo, kijiti cha kupimia mkojo kitaonyesha kama kuna damu. Niandikie kiasi kilichotoka jana na leo, kila upande peke yake.

Kaka_wa_Ushetu

Hakuna mabonge Sista, imekaa sawa juu hadi chini. Jana kushoto mililita 650, njia ya kawaida 1,100. Leo hadi saa kumi na mbili jioni kushoto 700. Kesho asubuhi tunapeleka chupa maabara.